Nyumba Kubwa Haizimi Kiu

Nyumba kubwa haizimi kiu. Wajukuu waliisikia methali hiyo mkutanoni, wakamwuliza Babu ilitoka wapi. Babu, ambaye hata msibani hakosi utani, akasema ilizaliwa na majigambo.

Hapa hapa milimani Upare, jamaa mmoja, tumwite Mbonea, alisimama harusini akatangaza: “Kabla ya masika, vyumba sita vya matofali ya kuchoma. Wenye vibanda mje mjifunze kulala.”

Wakati huo alikuwa na chumba kimoja na mke mjamzito. Akakopa kwenye chama cha ushirika, akaweka rehani shamba lake la tangawizi. Matofali yakafyatuliwa, tanuri likapangwa. Lakini tanuri lina tumbo la fisi, halishibi vijiti. Kuni zikaisha, ikabaki mikuyu mitatu iliyozunguka chemchemi ya ndiva, bwawa ambalo kila nyumba hufungulia maji ya shamba kwa zamu. Wazee hawakuruhusu hata tawi lake likatwe, kwani ndiyo iliyoshika maji. Mbonea akasema miti ni miti tu, akaangusha wa kwanza. Baada ya wiki, wa pili.

Zamu yake ilipofika, akafungua ndiva. Maji yakatoka yakichechemea, yakafika nusu ya mfereji, yakanywewa na udongo. Majani ya tangawizi yalikwisha kuanza kujikunja. Mwezi mmoja wa namna ile, hakuna mavuno. Bila mavuno, shamba linakwenda. Majirani walisimama kwenye matuta yao wakimtazama. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomtisha.

Lakini mtu wa sifa harudi nyuma akitazamwa. Mbonea akabeba shoka kuelekea mkuyu wa tatu. Mkewe akamfuata, tumbo mbele.

“Ukiukata huu, hivyo vyumba sita tutapikia nini? Jasho lako?”

“Watu watanicheka, mke wangu.”

“Wacheke. Jenga viwili, matofali mabichi. Fedha iliyobaki irudishe.”

Mbonea akainua shoka. Likabaki hewani.

“Basi,” Babu akasema, “kwa busara zake mwenyewe, Mbonea akaliweka chini, akatamka: Nyumba kubwa haizimi kiu. Akajenga viwili, akarudisha salio, akapanda miche ya mikuyu. Chemchemi ilichukua miaka minne kupata nguvu.”

Bibi, aliyekuwa akimenya tangawizi mlangoni, hakuinua macho.

“Huyo Mbonea wako hakuweka kitu chini kwa busara. Nilikalia mzizi, mama yenu akiwa tumboni, nikamwambia aanze na mimi. Akasimama mpaka shoka likamlemea. Na maneno hayo ni yangu. Yeye alisema tu, ‘Inuka, utapata baridi.’”

Wajukuu wakamgeukia Babu, kisha wakaitazama nyumba yake ya vyumba viwili. Babu akakohoa, akatafuta utani, akaukosa.

“Ndivyo alivyoniambia,” akasema taratibu. “Nyumba kubwa haizimi kiu.”