Jipu la Mzee Mhina na Paja la Mbuzi

Hapo zamani, si zamani sana, maana zahanati ilishajengwa na redio zilishaingia, palikuwa na Mzee Mhina, na Mzee Mhina alikuwa na jipu. Lilimwota pale pale anapokalia. Akila, anakula kasimama. Akicheza bao, anacheza kainama kama anayetafuta sindano mchangani. Na Ijumaa alikuwa anamwoza binti yake, Mishi.

Sasa nyie mnajua, baba haozeshi kasimama. Huketi mkekani, goti kwa goti na bwana harusi, akamshika mkono. Mishi akamwambia, "Baba, usipoweza kukaa wewe, atakaa Ba'mdogo Seif."

Seif! Jipu likampwita. Seif akimwoza Mishi ataisimulia habari hiyo mpaka afe, na huko kaburini atawasimulia majirani.

Mkewe, Bi. Mwanahawa, alikuwa amekwishachoka. Akawatangazia watu uani: "Mbuzi wa harusi namchinjisha Ijumaa. Paja moja ni la wakwe, hilo halina mjadala. Paja la pili nampa atakayefanya mume wangu aingie kwa nesi."

Kwani zahanati ilikuwa mbali? Hapo tu, nyuma ya msikiti. Tatizo lilikuwa zahanati yenyewe. Benchi la wagonjwa lilitazamana na mlango wa chumba cha sindano, basi ukikaa pale unawaona watu wanaingia wima, wanatoka wanachechemea. Mzee Mhina alikalia upande mmoja, akamwona mjumbe wa nyumba kumi, mtu mzima na kofia yake, anatoka analia. Akajishika nyuma, akaenda zake nyumbani.

Fundi Shemdoe, seremala, akasema, "Kosa ni benchi." Akaling'oa, akaligeuza litazame dirishani, ambako wazee hucheza bao. Mzee Mhina akarudi. Akaanza kuwafundisha wachezaji kwa kelele: "We Hatibu, utaliwa nyumba hiyo!" Raha ikamkolea. Mara nyuma yake, "Mama yangu, nakufaaa!" Kuta za chumba kile hazikufika darini, kilio cha mmoja kilikuwa cha wote. Mzee Mhina akajishika nyuma, akaenda zake nyumbani.

Nesi Perpetua akasema, "Kosa ni sauti." Akaleta redio yake kutoka nyumbani, akaiweka juu ya kabati, taarabu ikajaa. Mzee Mhina akarudi. Macho kwenye bao, masikio kwenye taarabu, akaitwa, akaitika "Labeka!" akanyanyuka mwenyewe. Akafika mlangoni, akanyoosha mkono kufunua pazia. Pazia lilikuwa kanga, na kanga imeandikwa: UMEYATAKA MWENYEWE. Mzee Mhina akajishika nyuma, na safari hii alikimbia.

Kanga ya nani? Ya Bi. Saumu, jirani yao. Aliinunua zamani kumpiga kijembe mke mwenzie, kisha wakapatana, akaitoa sadaka zahanati. Hakuwaza kwamba wagonjwa nao wanajua kusoma. "Kosa ni langu," akasema. Akatoa doti mpya aliyoiweka kwa harusi ya Mishi, hata kuikata hajaikata, akaitundika: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Alhamisi Mzee Mhina akarudi. Bao likamshika, taarabu ikambembeleza, akafika kwenye pazia. Akasoma. Akasoma tena. "Haya, mgeni nimekuja," akasema, akaingia. Ya ndani tusiyataje. Redio ilikuwa juu. Alipotoka alikuwa anachechemea, lakini benchini hakuna aliyemwona, wote walikuwa wanamzomea Hatibu.

Ijumaa akaketi mkekani. Akamshika mkwewe mkono, akamwoza Mishi kwa sauti isiyotetemeka, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya jipu. Seif alikula pilau kimya kabisa.

Ndipo likaletwa paja.

Fundi Shemdoe akasema, "Ni langu. Nisingegeuza benchi, asingekaa hata aisikie hiyo redio."

Nesi Perpetua akasema, "Ni langu. Bila redio angekimbia kabla ya kuiona hiyo kanga. Na nani alishika kisu?"

Bi. Saumu akasema, "Ni langu. Nyie wote mlimfikisha mlangoni, mimi ndiye niliyemwingiza. Na leo nimekuja harusini na kanga ya mwaka juzi, mnaniona!"

"Wewe si ndiye uliyemkimbiza?" akadakia Shemdoe. "Mvunja chungu alipwe kwa kukiunga?"

"Na benchi alilipigilia nani kuelekea mlangoni, kama si wewe?" akajibu Bi. Saumu. " Na wewe, Nesi, miaka yote unasikia watu wanalia, redio umeificha nyumbani!"

Mzee Mhina akaona hapo ndipo pake. Akanyoosha mkono kwenye sinia, akasema, "Jamani, na kalio lilikuwa la nani?"

Bi. Mwanahawa akamchapa mkono. Kisu anacho, paja liko mbele yake, wageni wanamtazama, na ahadi yake ilikuwa ya paja moja kwa mtu mmoja.

Haya, nyie mliokaa vizuri hapo bila jipu, pilau inapoa. Je, Bi. Mwanahawa ampe nani?