Suruali ya Fundi na Mlima wa Mnara

Katika chumba kimoja chembamba, kati ya cherehani na meza ya kupigia pasi, aliishi kwa amani mwanamume mwenye kitambi cha heshima. Watu walimwita Fundi. Alikuwa bingwa wa suti, na ukutani alikuwa ameandika kwa chaki ya kukatia nguo: "Kazi yetu haifumuliwi."

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga, mwembamba kama sindano na mkali kama ncha yake. Kila mwaka alifunga hema kwenye baiskeli, akavuka milima, akarudi amebabuka pua na mwenye furaha isiyoelezeka. Safari ya mwaka huu ingekuwa ya mwisho, kwani alikuwa amepata kazi ng'ambo. Fundi, aliyezoea kumwambia "mwakani tutakwenda wote, dada," aling'amua kwamba hakuna tena mwakani.

"Safari hii nakuja," alitangaza.

Dada alikitazama kitambi kwa huruma. "Mdogo wangu, huku hatwendi harusini. Kwanza tutapanda mlima wa mnara wa simu na mizigo yote, tulale kileleni. Ukifika juu bila kushuka kusukuma, tunakwenda. Ukishuka, utanipungia mkono dirishani."

"Lakini kuendesha baiskeli si kukaa tu? Kukaa ndiyo kazi yangu! Makalio haya yana uzoefu kuliko ya hakimu."

Akajishonea suruali ya safari kwa kitambaa kigumu, akapitisha mshono wa katikati mara mbili ili udumu. Akashona na mifuko ya mizigo ya kuning'iniza kwenye baiskeli, mipana kama magunia, yenye bitana ya hariri ndani. Siku ya kwanza ya mazoezi alitoka kama bwana arusi, akarudi akitembea kama bata aliyemeza kijiko. Mifuko ilikuwa imesuguana na gurudumu njia nzima. Kuhusu makalio, adabu inatuzuia kusema zaidi.

Kesho yake alishona wima, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

"Fundi, mbona leo hukai?" mteja alimuuliza.

"Nimefunga."

"Umefunga kula?"

"Nimefunga kukaa."

Jioni dada alikuja, akaigeuza suruali nje ndani. "Mshono huu mnene umeuweka hapa kwa sababu gani?"

"Ili isichanike."

"Isichanike suruali, uchanike wewe? Fumua."

Fundi aliyatazama maandishi ya ukutani kama mtu anayeaga maiti. Tangu aanze kazi hakuwahi kufumua kazi yake mwenyewe. Kisha akashika wembe, akafumua uzi mmoja mmoja. Akakata upya, akausogeza mshono pembeni, akaweka sponji katikati. Mifuko nayo aliipunguza mpaka ikabana kama soksi, na hariri ikaishia kwenye kapu la vitambaa chakavu.

Dhiki hazikuishia hapo. Ili kuyazoea maisha ya hema, alianza kulala sakafuni juu ya mkeka.

"Baba watoto," mkewe aliuliza kutoka kitandani, "majirani wanauliza tumegombania nini. Niwajibu vipi?"

"Waambie najiandaa."

"Nimewaambia. Ndiyo maana wanacheka."

Alikoga maji baridi akipiga kelele kama mtoto anayechomwa sindano. Kila alfajiri alipanda vilima vya karibu, mapaja yakiwaka moto. Mara nyingi alikunja jamvi moyoni na kusema basi, yatosha. Kisha alimkumbuka dada akiondoka peke yake, akavaa viatu.

Siku ya mlima wa mnara ilifika, na mvua nayo haikutaka kukosa. Kwenye kona ya mwisho, mwinuko ukiwa umegeuka ukuta wa tope, baiskeli ya Fundi iliyumba kama mlevi. Dada alikuwa ametangulia, akasimama kumsubiri. Uso ulimlainika.

"Shuka usukume, mdogo wangu. Hapa hakuna anayetuona. Atakayejua ni mimi tu."

"Na wewe ndiye," Fundi alihema, "ninayetaka ujue!"

Akainama juu ya usukani, akauma meno, akakanyaga. Gurudumu liliteleza, likashika, likateleza tena, likashika. Alifika chini ya mnara akakumbatia chuma chake kama jamaa aliyepotea.

Asubuhi aliamka shingo imepinda na mgongo ukilia kama bawaba kavu. Alipofungua hema, mawingu yalikuwa chini yake, na ng'ambo ya mawingu milima mingine ilikuwa imepangana, ya buluu, ikingoja. Dada alikuwa amekwisha chemsha chai. Kikombe cha kwanza alimpa yeye.

"Jumamosi tunaondoka," alisema bila kumtazama, kwa sauti iliyokuwa imelowa kidogo. "Usinicheleweshe."

Fundi alitaka kujibu kwa maneno makubwa, lakini meno yalikuwa yakigongana kwa baridi, basi akaitikia kwa kichwa na kunywa chai yake akiwa amesimama. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.