Kiboko Afundisha Bonde Zima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe na majiko yao, Simba alitawala mabonde yote kutoka mlimani. Bwana shamba wake, Korongo, alimtembelea kila mkulima kila msimu. Alichelewa, lakini alifika.

Simba alipozeeka, aliamua kila bonde lijitawale. Vigelegele vikapigwa: msaada umesogea! Bonde hili akakabidhiwa Kiboko, na Korongo akawekwa chini yake. Agizo la kwanza la Kiboko likawa hili: Korongo ahudumie shamba la Kiboko tu, asivuke ua wake.

Mwaka huo viwavi wakavamia mahindi. Kru, kru, kru! Digidigi, mjane mwenye watoto wadogo na shamba moja tu, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Namwomba Korongo. Mahindi yangu yanaliwa, na sina chakula kingine."

"Korongo ana kazi. Huoni mahindi yangu yalivyo safi?"

Digidigi akachungulia. Kweli, hayakuwa na tundu hata moja.

"Mmh! Basi wanayosema ni kweli."

"Wanasema nini?"

"Aka, mzee, nisije nikakukosea adabu."

"Sema!"

"Wanasema hayo ni mahindi ya Korongo. Eti wewe hujui hata kichwa cha kiwavi kiko upande gani."

"Mimi?" Kiboko akapiga mguu chini, puu! "Mimi ninayemsimamia kila asubuhi? Waite wote! Tunaanzia shambani kwako!"

Wakakusanyika. Kiboko akainama kwa shida, akageuza jani.

"Mayai haya hapa, chini ya jani. Ponda! Kiwavi akishaingia katikati ya majani machanga, mtilie majivu humo. Mmeona?"

"Majivu kiasi gani, mzee?" Digidigi akauliza. "Wa nyuma hawakuona."

Kiboko akarudia.

"Ila Nungunungu kule ng'ambo bado anabisha," Digidigi akasema.

"Anabisha? Twende kwake!"

Hadi jioni Kiboko alikuwa amezunguka bonde zima, majivu yamemjaa puani. Chyaa! Akapiga chafya. Korongo akachungulia juu ya ua.

"Pole, mzee. Leo umenifanyia kazi yangu yote."

Kiboko akageuka. Kila shamba lilikuwa na mkulima ameinama, anatia majivu.

Digidigi akavuna, watoto wakala. Nami hadithi yangu naiweka ghalani pamoja na mahindi yake: madaraka yakisogezwa karibu, huduma haisogei mpaka mwenye shida aivute.