Rangi ya Maua ya Aprili

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawahitaji.

Korogwe, kando ya barabara kuu, palikuwa na gereji ya pikipiki ya Mzee Shekalaghe, na mzee huyo alikuwa na watoto watatu.

Mwantumu, wa kwanza, alijaliwa kuendesha. Alipoachika alishika bodaboda, akawa anateremsha wagonjwa kutoka milima ya Lushoto wakati wa masika, njia ikiwa tope tupu, na hakuna aliyewahi kuanguka kutoka mgongoni kwake.

Hoza, wa pili, alijaliwa masikio. Pikipiki ilipokuwa bado inakata kona kuja gereji, yeye alishajua inaumwa nini.

Mashavu, wa mwisho, alijaliwa ulimi. Aliwaongoza Wajapani kupanda Kilimanjaro kwa miaka mingi mpaka akawa anaota kwa lugha yao. Tena alijua jambo ambalo wajuzi wengi wa lugha hawalijui, nalo ni kunyamaza mpaka mwenzako amalize.

Gereji ile ilikuwa na desturi moja. Kazi ikiisha, pikipiki haitoki kwanza. Kila aliyeigusa husimama mbele ya mzee akasema alichofanya, na mzee humtazama usoni, hageuki, hapokei simu, hajibu salamu, mpaka wa mwisho amalize. Ndipo hutoa hukumu. "Pikipiki haisemi uongo," alikuwa akisema, "lakini fundi husema. Kwa hiyo namtazama fundi."

Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani iliyokuja kutoka Japani ndani ya kasha la vipuri. Ukurasa wa Aprili ulionyesha pikipiki imeegeshwa chini ya mcheri, mti wa maua wa huko, uliochanua, kando ya daraja. Mzee alipoufikia ukurasa ule hakufunua tena. Jua la mlangoni likaichoma picha mwaka hadi mwaka, maua yakabaki na rangi ya bluu iliyofifia kama shuka la hospitali.

"Hiyo siyo rangi yake," aliwaambia wateja. "Rangi yenyewe imeliwa na jua. Nitakwenda kuiona."

Wateja walicheka, naye alicheka nao. Kisha daktari akamwambia ana presha ya macho, na kwamba mwaka unaofuata hataona hata mlango. Mzee akawaita wanawe.

"Atakayenifikisha kwenye maua hayo yakiwa bado mtini," alisema, "kwa pikipiki, kama pichani, gereji hii ni yake peke yake."

"Na wengine, baba?" aliuliza Mashavu.

"Wengine watakuwa wageni wake."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Huenda alidhani mashindano yatawatia nguvu. Lakini fahamuni kwamba hapakuwa na asiyeihitaji gereji ile. Mwantumu hakuwa na pa kulala ila chumba kilichokuwa nyuma yake. Hoza aliifanyia kazi tangu utotoni, na siku zote aliitwa msaidizi. Mashavu alikuwa mtoto wa mke mdogo, na hakuna kitu cha nyumba ile kilichowahi kuitwa chake. Wakauza shamba la machungwa, wakapanda ndege. Nyuma yao ilibaki gereji tu.

Walikwenda katikati ya Aprili, kwa kuwa kalenda ilisema Aprili. Walikodi pikipiki mbili za aina moja. Mzee akakaa nyuma ya Mwantumu, Mashavu nyuma ya Hoza, wakaenda mpaka daraja la pichani, ambalo jina lake lilichapwa kwenye kalenda.

Daraja lilikuwapo. Miti ilikuwapo pia, imejaa majani mabichi. Mwaka ule joto liliwahi, maua yalichanua Machi na kwisha, na petali zilizobaki zilikuwa zimeganda mitaroni, kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa.

Mzee alipapasa gome la mti. "Tumefika matanga yameshaanuliwa," alisema. "Turudini."

Hapo ndipo ulimi wa Mashavu ulipofanya kazi. Aliingia mkahawa wa tambi karibu na daraja, akakaa na bikizee mwenye mkahawa, akamsikiliza habari za magoti yake, za mwanawe asiyepiga simu, za bei ya samaki. Hakumkatiza. Mwishowe bikizee akamweleza kwamba maua ya nchi ile hupanda kutoka kusini kwenda kaskazini, na televisheni huonyesha kila jioni yamefika wapi. Kusini yameisha, lakini kijijini alikozaliwa yeye, mbali kaskazini, ndani ya bonde lenye baridi, pana mcheri mmoja mbele ya shule iliyofungwa, nao huchelewa kuliko yote. "Lakini upepo mkubwa unakuja," alisema. "Mkitaka kuuona, msilale sana njiani."

Wakaelekea kaskazini. Huko masikio ya Hoza yakafanya kazi. Alikuwa nyuma ya dada yake, magari yakipita, mvua ikinyesha, na katika kelele zote hizo akasikia kitu. Akampita, akampungia mkono asimame.

"Beringi ya gurudumu lako la nyuma inalia."

"Mimi mbona sisikii?" alisema Mwantumu.

"Wewe ulisikia lini kitu, dada? Shuka."

Hapakuwa na duka la vipuri karibu. Hoza akafungua gurudumu lake zima, akalifunga kwenye pikipiki iliyombeba baba, na lile bovu akalifunga kwenye yake. Akalishindilia grisi aliyopewa na mkulima mmoja, akaendelea na safari juu ya gurudumu ambalo lingeweza kumtupa wakati wowote, yeye na Mashavu. Kama angenyamaza, aliyetupwa angekuwa mzee.

Mbele yao ulisimama mlima, na juu ya mlima theluji. Hapo zamu ikawa ya Mwantumu. Mzee alikuwa amechoka, kichwa kinaanguka, mikono haishiki tena. Mwantumu alitoa kanga begani, akamzungushia baba yake mgongoni, akaifunga kifuani mwake mwenyewe kama afungavyo mama mwenye mtoto.

"Unanibeba kama kichanga?" mzee alinung'unika.

"Vichanga hawanung'uniki hivyo, baba. Lala."

Barafu iliteleza kama sabuni. Hoza alianguka mara mbili akainuka. Mwantumu hakuanguka. Miguu miwili ikikwaruza chini, breki asiiguse, alimpitisha baba yake juu ya mlima ule, akamteremsha bondeni mzee akiwa bado anakoroma.

Wakafika asubuhi. Shule iliyofungwa ilikuwapo. Mbele yake ulikuwapo mcheri, mkubwa kuliko nyumba, umechanua wote. Upepo ulikuwa bado haujafika.

Mwantumu aliegesha pikipiki chini ya mti, kama pichani, akafungua kanga. Mzee akashuka. Huenda mazoea ya miaka mingi ndiyo yaliyomponza, huenda hofu ya kuupokea mti ule upesi mno. Hakuinua macho. Aliwageukia wanawe, mti ukabaki mgongoni kwake.

"Kazi imeisha," alisema. "Semeni. Nani kanifikisha?"

"Mimi," alisema Mwantumu. "Umefika mgongoni kwangu, una alama ya kanga mpaka sasa."

"Ulimfikisha kwa gurudumu la nani?" alisema Hoza. "Lako lilikuwa limekufa."

"Gurudumu linajiendesha lenyewe siku hizi? Wewe ulilala chini mara mbili."

"Nililala chini kwa sababu nilikuwa juu ya ubovu wako."

"Ninyi wawili," alisema Mashavu, "bila mdomo wangu mngekuwa bado mnayakodolea macho majani pale darajani."

"Mdomo tunaujua," alisema Mwantumu. "Hata mama yako aliingia nyumbani kwetu kwa mdomo."

Hapo maneno yakatoka yale ambayo yalikuwa yamekaa ndani tangu utoto. Chumba cha nyuma kikatajwa. Talaka ikatajwa. Jina la msaidizi likatajwa. Mzee alimtazama kila mmoja usoni, hakugeuka, akisubiri wa mwisho amalize, kama alivyofanya gereji maisha yake yote. Wao nao walitazamana.

Upepo ukaja kutoka mlimani. Walisikia sauti kama mchele unaomwagwa, wakadhani ni mvua. Mzee alipogeuka, matawi yalikuwa meusi na matupu, chini hapakubaki hata petali moja, na mbali, juu ya mashamba ya mpunga, kitu kama moshi kilikuwa kinaondoka. Macho yake hayakuweza kukifuata.

Kisha akauliza, kwa upole, kama anayeuliza saa, "Yalikuwa na rangi gani?"

Mwantumu alimtazama Hoza. Hoza alimtazama Mashavu. Mashavu, mwenye ulimi, alimtazama Mwantumu.

Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Walirudi Korogwe. Mzee sasa haoni. Hukaa kwenye benchi mbele ya gereji yake, na wateja wa zamani wakimsalimu hugeuza uso upande usio wao. Mlango wa gereji una kufuli tatu, kila mtoto ameweka yake, na hakuna anayefungua mpaka wote watatu wawepo, na hawajapata kuwapo pamoja. Kalenda iko ndani, Aprili.

Mwantumu anasema: maua yalikuwa mtini tulipofika, ahadi ni ahadi, na mgongo ni wangu. Hoza na Mashavu wanasema hivyo hivyo, kila mmoja kwa fungu lake. Majirani wengine wanasema hakuna aliyemfikisha, kwa kuwa hakuona. Wengine wanasema walimfikisha, yeye ndiye aliyegeuza mgongo. Na wapo wasemao kwamba aliyeweka shindano ndiye aliyelipoteza, na gereji ibaki imefungwa.

Mimi nimesikiliza pande zote, na kila anayesema naona ana haki mpaka anapoanza mwingine.

Basi funguo tatu ziko mbele yenu. Ungekuwa wewe, ungempa nani? Na mzee akikuuliza rangi, ungemjibu nini?