Jina la Mtoto wa Nanzia

Keti, msikilizaji, uandae mizani yako, maana yangu imenishinda.

Katika kijiji cha Vuchemba, juu mlimani ambako gari halifiki, waliishi ndugu watatu. Kiangi, mkubwa wao, alikuwa mwembamba na hakuharakishwa na mtu. Lakini akianza kazi asubuhi, jua ndilo lililochoka kwanza. Mrutu, wa pili, aliinua kwa pumzi moja kilichowashinda wengine wote, kisha akaketi akihema. Mbonea, kitinda mimba, hakuwa na ustahimilivu wa huyu wala nguvu za yule; alikimbia kwa kasi, na kasi yake ilidumu.

Desturi ya Vuchemba ni hii: mjamzito akibebwa kwa machela hadi barabarani, akajifungua salama, aliyemfikisha ndiye humpa mtoto jina. Jina ni moja, na mtoa jina ni mmoja.

Basi Nanzia, jirani yao, alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Hospitali ilikuwa mbali bondeni, na gari la wagonjwa lilisimama barabarani kwa muda mfupi tu.

Kiangi alishika mbele ya machela. Nyuma, wanaume walipokezana, aliyechoka akimpisha mwenzake. Yeye mbele hakupokewa na mtu, kilima baada ya kilima. Nanzia alipomhurumia, alijibu, "Tulia, shemeji. Mimi nikisimama ndipo ninapochoka."

Penye korongo, njia ilizibwa na gogo la mkaratusi. Kushoto mwamba, kulia genge. "Pisheni!" alisema Mrutu. Akaingiza bega, akaguna, gogo likaporomoka. Papo hapo miguu yake ikatetemeka kama ya ndama, asiweze kubeba hata kibuyu.

"Kaka, umezimika kama kiberiti!" Mbonea akamtania.

Walipovuka korongo waliliona gari chini, linawashwa. Kiangi hakuweza kuongeza mwendo. Mrutu, aliyebaki nyuma ameketi, hakuweza kuinuka. Mbonea alishuka mteremko mzima bila kupunguza kasi, akasimama mbele ya gari mikono juu. Dereva alimtukana, lakini akazima injini.

Machela ikafika, gari likampeleka Nanzia hospitalini, akajifungua salama mtoto wa kike.

Siku ya jina, Kiangi alisema, "Ataitwa Namkunda."

"Ataitwa Nakijwa," alisema Mrutu. "Bila mimi, hadi leo mngekuwa mnalitazama gogo."

"Na bila mimi mngefika barabarani kutazama vumbi," alisema Mbonea. "Ni Eliwaza."

Wazee wakapima. Kwa umbali, Kiangi alishinda. Kwa uzito, Mrutu. Kwa mwendo, Mbonea. Wakapima upya, wakarudi palepale. Sherehe ikaahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, hadi mkunga, Mama Senyaeli, akaishiwa subira. Akachukua kuku aliyechinjwa kwa sherehe, akiwa kwenye sinia.

"Tazameni! Paja ni jekundu, kwa sababu kuku hutembea kutwa: nyuzi za misuli yake ni za polepole, zina damu nyingi, hutumia hewa anayovuta, hazichoki upesi. Kidari ni cheupe: nyuzi zake ni za haraka, hutumia sukari iliyowekwa akiba, humrusha kuku juu ya ua, basi zimekwisha. Binadamu anazo zote mbili, na za tatu zilizo katikati, zenye haraka lakini hazichoki mara moja. Mafungu yake ndiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa sehemu kubwa mtu huzaliwa nayo."

"Basi, jina ni la nani?" wazee wakauliza.

"Nimewaeleza sababu. Hukumu ni yenu."

Nanzia akasimama, mtoto mgongoni. "Na mimi niliyesukuma, simo katika hesabu zenu? Mwanangu ameota meno anaitwa 'Huyu'! Mkishindwa leo, nitampa jina mimi mwenyewe, na desturi yenu mkaizike."

Mama mkwe wake akashika kichwa. "Usiseme hivyo, mwanangu. Desturi ikifa, mjamzito ajaye atabebwa na nani?"

Wazee wakawageukia wale ndugu watatu. Hakuna aliyemwachia mwenzake.

Sasa, msikilizaji, usinijibu kwamba wote walistahili; hilo tunalijua, na halimpi mtoto jina. Mmoja aliustahimili mlima, mmoja aliifungua njia, mmoja alilizuia gari, na kila mmoja alitumia mwili aliozaliwa nao. Mama amesimama pale, anasubiri jina moja. Wewe ungempa nani haki ya kulitamka?