Ng'ombe Aliyekamuliwa na Kila Mtu

Hakuna methali ya huku Rungwe nisiyojua ilikotoka. Muulizeni yeyote. Ila msiende kumuuliza marehemu mume wangu, maana alinikamata mara nyingi nikizitunga palepale jikoni, maharage yakiwa motoni.

Hii mliyoisikia leo sikuitunga. Mwenyekiti wa maji amewaambia ninyi vijana kwamba ng'ombe wa wengi hulala na kiwele kimejaa, kwa sababu bomba limevuja wiki nzima na kila mmoja wenu alidhani mwenzake amekwenda kulifunga. Mmecheka kwanza, kisha mmekuja kwangu kuuliza maana yake. Kaeni basi, na aliye karibu na moto auchochee. Ilianza hivi.

Shamba la maziwa la Mzee Ambakisye lilianza na mtamba mmoja, aliyepewa na jirani aliyekuwa anahama. Mzee hakuwa na cha kumrudishia jirani yule ila neno, kwa hiyo ng'ombe akamwita Ndaga, yaani asante. Kutoka kwa Ndaga likaja zizi, zizi likawa mabanda, mpaka gari la maziwa likawa linapanda mlima kwa ajili ya shamba lile peke yake.

Wakamuaji walikuwa wachache, kila mmoja na safu yake ya ng'ombe. Usipomkamua wako, hakuna mwingine wa kuulizwa. Ndaga alikuwa katika safu ya Subilaga, mjane mwenye watoto wadogo, ambaye hakuwa na shamba wala ndugu wa kumkimbilia. Alikuwa na kazi ile tu.

Mzee alipoanza kusumbuliwa na magoti, akamweka Gwamaka, mtoto wa dada yake, awe msimamizi. Gwamaka alikuwa mtu wa kupenda watu. Aliona aibu shamba kubwa namna ile liwe na wafanyakazi wa kuenea benchi moja. "Shamba kubwa huonekana kwa watu wake," akawa anasema, huku anaajiri. Akaajiri majirani. Akaajiri wanakwaya, sauti ya kwanza yote. Akaniajiri hata mimi, ambaye siku zile nilimwogopa ng'ombe kuliko nilivyomwogopa mama mkwe. Namshukuru kwa hilo, kwani nyumbani hapakuwa na unga.

Tulipokuwa wengi, akafuta habari ya ng'ombe wangu na ng'ombe wako. "Sasa ni kazi ya pamoja," akasema. "Kamua aliye mbele yako."

Banda likawa kama mnada. Watu wanagombea ndoo moja, wengine wamemshika mkia ng'ombe asiye na ugomvi na mtu, na mwingine anajipaka mafuta ya kukamulia mpaka kwenye viwiko kwa sababu ya baridi. Maziwa hayakuongezeka. Gwamaka akasema labda bado tu wachache.

Ndaga alisimama mwisho kabisa, karibu na ukuta. Alikuwa amezeeka, anataka kukamuliwa taratibu, na ukimharakisha anatia mguu kwenye ndoo. Kila aliyefika kule mwisho alimtazama, akatutazama jinsi tulivyo wengi, akajua kwa hakika kwamba yuko mtu aliyekwisha kumkamua. Akageuza.

Asubuhi moja tukamkuta amelala, hataki kuinuka. Kiwele kilikuwa kimevimba, cha moto, kigumu kama ngoma. Subilaga akapiga magoti, akajaribu chuchu moja. Yakatoka mabonge yenye damu. Mzee akaitwa, akaja na fimbo yake, akainama juu ya ng'ombe wake wa kwanza.

"Nani alimkamua jana?" akauliza.

"Mimi, mzee," akasema mtu wa kwaya.

"Na mimi nikammalizia," akasema wa pili.

"Tena alitoa vizuri," akasema wa tatu, ambaye alikuwa hajawahi kufika upande ule wa banda.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi amekamuliwa na shamba zima. Kumbe ng'ombe wa wengi hulala na kiwele kimejaa."

Gwamaka akaona maneno yanamwelekea yeye. "Mjomba," akasema, "ng'ombe huyu tangu zamani ni wa Subilaga. Aondoke leo hii, na wengine watajifunza."

"Kwani kazi si ya pamoja tena?" Subilaga akauliza.

"Usinijibu, dada. Mjomba, nilimwona kwa macho yangu. Jana jioni nilisimama pale mlangoni, akampita Ndaga na ndoo tupu, tena anacheka."

Subilaga akafungua mdomo. Mzee akamwinulia kidole anyamaze.

Najua mnataka kujua kama Ndaga alikufa. Hakufa. Bwana mifugo alikuja na sindano zake, na Subilaga akakaa naye na maji ya moto na kitambaa mpaka kiwele kikalainika, ingawa chuchu moja ilibaki kavu. Wala hakufukuzwa mkamuaji hata mmoja. Mzee alitugawa upya, hawa wakate majani, wale walee ndama, na kila mkamuaji akapewa ng'ombe wake wa kuulizwa. Na mimi nikapata safu. Wanangu walisoma kwa safu ile. Hata leo nikipita pale nasema ndaga: kwa Mzee, kwa ng'ombe mwenyewe, na kwa Subilaga aliyenifundisha kukamua bila kufumba macho.

Lakini tumemwacha Gwamaka amesimama.

"Ilikuwa jioni, saa ya kukamua?" Mzee akamuuliza, kwa upole kabisa.

"Saa ileile, mjomba."

"Amevaa nini?"

"Kanga yake ile ya njano."

"Ajabu," akasema Mzee. "Kanga ya njano tuliifunga kwenye miguu ya ndama, banda la chini, mimi na Subilaga. Ndama alikuwa anazaliwa vibaya kabla ya saa ya kukamua, tukavutana naye mpaka giza. Subilaga alikuja kuniita mimi kwa sababu wewe hukuonekana."

Gwamaka akasema, "Labda nilimwona mtu anayefanana naye."

"Mwenye kanga inayofanana nayo?"

Gwamaka akatugeukia sisi aliotuajiri, akitafuta wa kumtetea. Tulikuwa wengi kweli, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze. Ng'ombe wa wengi, wajukuu zangu, hulala na kiwele kimejaa.