Injini ya Bi Mwantumu

Bi Mwantumu alileta gari likivutwa kwa kamba, naye Fundi Shekiondo akaona riziki imejileta yenyewe. Wiki nzima hakuligusa. Mwenyewe aliporudi, fundi alipaza sauti mbele ya wateja:

"Mama, injini yako ilikuwa maiti! Nimeishusha, nimetia pistoni mpya, nimeirudisha."

"Uliishusha mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu hii!"

"Apa, wenzetu wasikie."

"Wallahi, niliishusha!"

Bi Mwantumu akafunua boneti. Ndani hamkuwa na injini, wala haikuwamo tangu siku gari lilipoletwa. Kuku wa gereji alikuwa ameatamia mayai.

"Haya, fundi," akasema kwa upole, "injini yangu umeipeleka wapi?"

Siku hiyo ndipo Shekiondo aliposhusha injini kweli: ya gari lake mwenyewe.